Scriabin wa awali: ukimwondoa Chopin, kinabaki nini?

MpigaKinanda aliuliza:

Habari zenu, wanajukwaa. Mimi ni mpiga kinanda wa kwaya ambaye kwa muda mrefu nilisoma muziki kwa do-re-mi za vitabu vya nyimbo, na sasa ninajifunza piano kwa noti za mistari mitano. Mwalimu wangu amenipa Preludi ya 4 (preludi ni kipande kifupi) kutoka Opus 11 (yaani kazi yenye namba 11) ya Alexander Scriabin, mtunzi wa Urusi aliyezaliwa Moscow mwaka 1872 na kufariki mwaka 1915. Kwa udadisi nikasikiliza karibu kazi zake zote za piano kuanzia Opus 1 hadi Opus 11, yaani zile alizoandika kabla hajaingia katika muziki wake wa ajabu wa miaka ya mwisho, ambao nakiri bado haujaniingia masikioni.

Ninachokisikia katika kazi hizi ni Chopin, yule mtunzi wa piano kutoka Poland, kila mahali. Opus 1 ni waltzi, Opus 3 ni mazurka 10 (ngoma za Poland), Opus 5 ni nokturni 2 (vipande vya hali ya usiku), Opus 8 ni etudi 12 (vipande vya mazoezi), Opus 11 ni preludi 24. Hata mpangilio wa funguo katika preludi hizo ni uleule wa Opus 28 ya Chopin: C meja, kisha A maina, kisha G meja, kisha E maina, na kuendelea hivyo hivyo mpaka D maina. Mtu akiniuliza kwa nini asimpige Chopin mwenyewe badala ya mwanafunzi wake wa mbali, sina jibu la maana la kumpa.

Kwa hiyo naomba wenye uzoefu wanisaidie. Je, tukimwondoa Chopin katika kazi hizi za awali, kinabaki kitu gani ambacho ni cha Scriabin mwenyewe? Pili, nimesoma kwamba aliumia mkono wa kulia akiwa mwanafunzi na kwamba jeraha hilo ndilo lililomfanya aandike vile alivyoandika kwa mkono wa kushoto. Je, jambo hilo lina ukweli kiasi gani?

---

Nokturni alijibu:

Ndugu MpigaKinanda, deni la Scriabin kwa Chopin halina ubishi, wala mwenyewe hakulificha. Inasimuliwa hata kwamba akiwa kijana alilala na vitabu vya noti za Chopin chini ya mto. Lakini katika swali lako umetazama majina ya vipande na mpangilio wa funguo, na vitu hivyo viwili ndivyo rahisi kuliko vyote kuviazima. Kwa bahati mwalimu wako amekupa kipande kinachofaa kabisa kwa uchunguzi huu, kwa hiyo nitaanzia hapo.

Kwa kuwa watunzi wote wawili walifuata mpangilio mmoja wa funguo, Preludi ya 4 ya kila mmoja iko katika E maina, na zote mbili ni za mwendo wa polepole. Ziweke mbele yako kwa pamoja. Kwa Chopin mkono wa kulia unaimba wimbo ambao hausogei sana, noti moja ikivutana na jirani yake, huku mkono wa kushoto ukirudia chodi zinazobadilika nusu hatua kwa nusu hatua. Wimbo uko juu na usindikizaji uko chini, kama ilivyo kawaida. Scriabin anaugeuza mpango huo. Mkono wa kushoto ndio unaoimba, tena pale ambapo katika kwaya yako ingekuwa sauti ya tatu, na mkono wa kulia unakaa juu ukishuka taratibu kama msikilizaji anayeitikia. Kipande hiki kina tarehe ya 1888, yaani mtunzi alikuwa na miaka 16. Kijana wa miaka 16 anayechukua kipande mashuhuri, akabaki na ufunguo, mwendo na huzuni yake, kisha akahamisha uimbaji wote kwenda mkono mwingine, amekwisha kumsoma bwana wake kwa jicho la mtu anayetaka kusema neno lake.

Nenda sasa nyuma kidogo, kwenye Etudi ya Opus 2 namba 1 katika C-shapu maina, ambayo kwa kawaida hupewa tarehe ya 1887. Kwangu mimi hiki ndicho kipande cha kwanza ambacho ungeweza kusikia kutoka chumba cha pili ukatamka jina la Scriabin bila kuona noti. Kwa jina ni etudi, ila mwendo wake ni wa polepole na hakuna mbio zozote za vidole ndani yake. Zoezi lenyewe ni la masikio: kuna wimbo juu, kuna besi nzito chini, na katikati kuna chodi nene zinazorudiwa, ambazo mpigaji asipozidhibiti zinafunika kila kitu. Unene huo wa katikati ni wa Kirusi zaidi kuliko wa Chopin. Mpiga piano Vladimir Horowitz aliporudi kupiga piano Moscow mwaka 1986, baada ya miaka mingi ya kuishi nje ya Urusi, alikipiga kipande hiki pamoja na etudi ya mwisho ya Opus 8, na wasikilizaji wa mji ule hawakuhitaji kuelezwa ni muziki wa nani.

Jambo ambalo mimi naliona kuwa lake zaidi, hata hivyo, ni mapigo. Chopin anapochezea muda, mara nyingi mkono wa kushoto unashika pigo na wa kulia unateleza juu yake. Scriabin anaupangua msingi wenyewe. Tazama Preludi ya 1 ya Opus 11, C meja. Noti zinakwenda tano tano, na tano hizo kwa macho zimekaa sawa ndani ya kila nusu ya kipimo, ila upinde wa sentensi hauanzi pale kundi linapoanza. Unaanzia ndani ya kundi na kuvuka kwenda kundi linalofuata, hivyo sikio linasikia mwanzo mahali ambapo karatasi haina mwanzo wowote. Mpigaji akigonga kila noti ya kwanza ya kundi ili asipotee, ameua kipande. Akiacha kabisa kuyahesabu makundi, anaanguka. Preludi ya 14, E-fleti maina, ina mapigo 15 kwa kipimo na inakwenda kwa kasi ya kutisha. Ya 21 inahama kutoka mapigo 3 kwenda 5 kwenda 6, nayo inasikika tulivu kabisa, kama mtu anayevuta pumzi ndefu na fupi bila kufikiri. Ya 24, ambayo inafunga mkusanyiko mzima, inapokezana vipimo vya 6 na vya 5.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Preludi ya 16, B-fleti maina. Huo ndio ufunguo wa sonata ya Chopin (sonata ni kazi ndefu yenye sehemu kadhaa) yenye maandamano ya mazishi, na Scriabin anatuonyesha wazi kwamba anaijua, kwa sababu mapigo ya maandamano yanasikika tangu mwanzo. Lakini ameyaandika katika vipimo vya 5 na 4 kwa kupokezana. Hakuna wabeba jeneza wanaoweza kuandamana kwa mapigo hayo. Hatua moja inapungua kila mara, na juu ya ukurasa ameandika kwamba kipigwe kwa namna ya fumbo. Hapo ni kama amemtaja Chopin kwa jina, kisha akamkatalia kutembea.

Sitetei kila kitu. Mazurka 10 za Opus 3, za mwaka 1889 hivi, zina kurasa nzuri, ila nyingi zimeazimwa mpaka vifungo vya shati. Mazurka inaishi kwa mkazo unaoangukia pigo la pili au la tatu, na Chopin alikuwa na ngoma hiyo miguuni tangu utoto wake Poland. Kijana wa Moscow aliipata kwenye kitabu.

---

MkonoWaKushoto alijibu:

Nakubaliana na mengi aliyosema Ndugu Nokturni, kwa hiyo nitajielekeza kwenye swali la pili, kwa sababu habari ya jeraha inasimuliwa ovyo mno.

Kwanza mambo yenyewe. Scriabin alisoma piano kwa Nikolai Zverev, ambaye nyumbani kwake waliishi vijana kadhaa, Rachmaninoff, aliyekuja kuwa mtunzi na mpiga piano mashuhuri, akiwemo, ingawa Scriabin alikuwa mwanafunzi wa kutwa kwa sababu wakati huohuo alikuwa katika shule ya kijeshi. Baadaye aliingia Chuo cha Muziki cha Moscow, darasa la piano la Vasily Safonov. Mwaka 1891, katika ushindani wa kimyakimya na mwanafunzi mwenzake Josef Lhévinne, alijifungia na kazi mbili zinazojulikana kwa ukatili wao, fantasia ya Liszt juu ya Don Giovanni na Islamey ya Balakirev, akajiumiza mkono wa kulia. Madaktari hawakumpa matumaini ya kutosha. Katika daftari lake aliandika baadaye kwamba tukio hilo lilikuwa kubwa kuliko yote maishani mwake hadi wakati huo, kwamba lilimfanya aanze kujichunguza na kumhoji Mungu, na kwamba ndipo alipotunga sonata yake ya kwanza yenye maandamano ya mazishi. Mkono ulipona kiasi cha kumwezesha kuhitimu mwaka 1892 akiwa na medali ndogo ya dhahabu ya piano, ilhali Rachmaninoff alipata kubwa. Shahada ya utunzi hakuipata kabisa, kwa kuwa alikosana na mwalimu wake wa somo hilo, Anton Arensky.

Sasa, wale wanaosema kwamba jeraha ndilo lililozaa mkono wake wa kushoto wanapaswa kutazama tarehe. Etudi ya Opus 2 namba 1 imeandikwa miaka minne hivi kabla ya jeraha, na tayari besi yake inakwenda mbali. Preludi ya 4 ambayo Ndugu MpigaKinanda anajifunza ni ya 1888, na tayari mkono wa kushoto ndio mwimbaji. Mwelekeo ulikuwapo. Nionavyo mimi, kilichofanywa na jeraha ni kumlazimisha kuishi na mkono huo kwa miezi, kuujua kila kona, na kugundua kwamba hauna haja ya mwenzake kama alivyodhani.

Matunda ya ugunduzi huo ni Opus 9 ya mwaka 1894, Preludi na Nokturni za mkono wa kushoto peke yake. Watu wengi huichukulia kama mchezo wa jukwaani, na ni kweli kwamba hadhira za wakati ule zilipenda kumwona akiipiga, lakini iangalieni kwa jicho la fundi. Mkono wa kushoto unafaa kupiga peke yake kuliko wa kulia, kwa sababu kidole gumba chake, ambacho ndicho chenye nguvu, kinaangukia upande wa noti za juu, pale wimbo unapokaa. Kidole kidogo kinakwenda kuchukua besi, pedali inaishikilia besi hiyo isizimike, na vidole vya kati vinajaza chodi njiani wakati mkono ukipanda kurudi kwenye wimbo. Katika Nokturni, ambayo iko katika D-fleti meja, mpango huo ni kamili kiasi kwamba ukifumba macho unasikia mikono miwili. Hila yote iko mguuni. Safonov, mwalimu wake, inasemekana aliwaambia wanafunzi wengine wasitazame mikono ya Scriabin bali miguu yake.

Jambo jingine linalosahaulika ni kwamba mikono yake ilikuwa midogo. Rachmaninoff alikuwa na kiganja kikubwa mno, wakati Scriabin, kwa maelezo ya waliomfahamu, aliifikia noti ya tisa kwa shida. Zile nafasi pana za mkono wa kushoto zinazowatisha wanafunzi hazikuandikwa kwa ajili ya kushikwa kwa mpigo mmoja. Ziliandikwa ili mkono uruke na pedali ikusanye. Mtu anayejinyoosha mpaka maumivu ili azishike zote kwa pamoja anatafuta jeraha lilelile la mwaka 1891, tena bila sababu.

Kuhusu Sonata ya Kwanza, Opus 6, F maina, najua nitawaudhi wengine, lakini siioni kuwa kilele cha kipindi hiki. Ina sehemu nne. Ya kwanza inafoka, ya tatu inakimbia, na ya mwisho ni maandamano ya mazishi ambayo katikati yanasimama, zikaja chodi kama za kwaya ya mbali, kwa sauti ndogo ambayo karibu si sauti. Ukurasa huo wa katikati ni wa pekee kabisa. Ila njia ya kuufikia ni ndefu, na kijana huyu alikuwa bado hajui kujenga nyumba kubwa. Alipokuwa na kurasa mbili tu hakuna aliyemshinda.

---

Vitufe alijibu:

Mkuu MkonoWaKushoto, hapo kwenye sonata sikubaliani nawe hata kidogo, ila nitaliacha hilo na kuongeza jambo moja ambalo naona halijatajwa: tunaweza kumsikia Scriabin mwenyewe. Mwaka 1910 kampuni ya Welte ilinasa upigaji wake kwa mashine ya Welte-Mignon, ile iliyotoboa karatasi kulingana na vidole vya mpigaji ili piano maalumu iweze kuurudia. Miongoni mwa vipande alivyopiga ni preludi kadhaa za Opus 11, zikiwemo ya 1, ya 2, ya 13 na ya 14, pamoja na Etudi ya Opus 8 namba 12.

Karatasi hizo haziwezi kutupa rangi ya sauti yake wala kazi yote ya pedali, kwa hiyo mtu asizichukue kama picha kamili. Muda, hata hivyo, umenaswa vizuri, na muda wenyewe unashangaza. Mwendo unakwenda mbele, unarudi, unasimama pale ambapo noti hazisemi usimame, mikono haishuki pamoja kila mara, na Etudi ile ya 12, ambayo leo hupigwa kama farasi wa vita kwa nguvu na usawa wa chuma, kwake ina wasiwasi ndani yake. Nikirudi kwenye swali la msingi: Rachmaninoff alipozunguka Urusi mwaka 1915 kumkumbuka mwenzake aliyefariki, baadhi ya wapenzi wa Scriabin walilalamika kwamba noti zote zilikuwapo lakini Scriabin hakuwapo. Mtu ambaye ni mwigaji tu wa Chopin hawezi kuacha malalamiko ya namna hiyo nyuma yake.

---

MpigaKinanda aliandika:

Nawashukuru sana wote. Nimezipiga Preludi mbili za E maina moja baada ya nyingine kama alivyoelekeza Ndugu Nokturni, na sasa naona nilikuwa nikimpiga Scriabin kwa mpango wa Chopin: nilikuwa nikiusukuma mkono wa kulia mbele kwa sababu tu uko juu.

Naomba niongeze maswali mawili ya vitendo. Kinanda ninachokitumia nyumbani ni cha umeme, kina vitufe 61, na pedali yake ni ile ya kubonyeza tu, imekaa au imeachwa. Piano halisi naipata kwa mwalimu mara moja kwa wiki. Je, ni vipande gani vya kipindi hiki naweza kuvifanyia kazi katika hali hiyo? Na je, nitumie chapa ipi ya noti?

---

MwalimuWaVidole alijibu:

Ndugu MpigaKinanda, ninafundisha piano, na wanafunzi wangu wengi wako katika hali kama yako, kwa hiyo nitajibu kwa kadiri ninavyowajibu wao.

Kuhusu kinanda cha vitufe 61, tatizo lako la kwanza litakuwa besi. Scriabin anazipenda noti za chini, na mara nyingi besi moja iliyo chini kabisa ndiyo inayobeba kipimo kizima. Ukiipandisha oktavu moja kwa sababu kitufe hakipo, chodi zinabanana na muziki unakuwa matope. Kwa hiyo Opus 2 namba 1 iache kwa siku za piano halisi, hata kama vidole vyako vinaiweza. Opus 9 vilevile: bila pedali inayokubali kukanyagwa nusu, Nokturni ile itakufundisha tabia mbaya tu. Nyumbani unaweza kujifunza mpangilio wa vidole na kukariri, halafu sauti uitafute kwa mwalimu.

Kwa kuanzia, baada ya hiyo ya 4, mimi ningekupa Preludi ya 15 ya Opus 11, D-fleti meja. Vipimo vya mwanzo vinapigwa na mkono wa kushoto peke yake, sauti mbili zikitembea pamoja kama waimbaji wawili wa kwaya, na ndipo mkono wa kulia unapoingia na wimbo wake juu. Mazoezi yake ni haya: piga zile sauti mbili za mkono wa kushoto huku ukiimba ya juu kwa mdomo, kisha piga tena ukiimba ya chini. Mtu wa kwaya analiweza hili kuliko mwanafunzi wa piano ambaye hajawahi kuimba. Mkono wa kulia ukija, usiruhusu zile mbili zigeuke kuwa usindikizaji.

Kisha chukua ya 2, A maina, ambayo ina mwendo wa ngoma ya mapigo matatu, lakini ngoma inayositasita. Hapo ndipo utakapojifunza rubato, yaani kuchelewesha na kuharakisha muda kwa makusudi, bila kujidanganya. Ukitaka kujua kama unachelewesha kwa sababu muziki unataka au kwa sababu kidole hakijui njia, piga kwanza kipande kizima kwa mwendo sawa bila pedali. Ya 17, A-fleti meja, ni fupi mno na inafaa kwa wiki ambayo huna nafasi. Ya 21 aliyoitaja Ndugu Nokturni ni nzuri sana, na si ngumu kwa vidole, ila usiihesabu kwa sauti moja, mbili, tatu. Hesabu pigo moja moja bila kujali kipimo kimeishia wapi, mpaka sentensi zenyewe zikuonyeshe urefu wao.

Ya 1 usiiguse bado. Najua maelezo ya Ndugu Nokturni yamekutia hamu. Kipande kile kinapigwa kwa kasi, na mwanafunzi anayekianza mapema huzoea kugonga mwanzo wa kila kundi la noti tano, kisha inamchukua muda mrefu kuliondoa kosa hilo. Vivyo hivyo kwa Opus 8. Kati ya etudi zake 12 iliyo karibu na uwezo wako kwa sasa labda ni ya 8, A-fleti meja, ambayo ni ya polepole na ya uimbaji. Ya 2 ina noti tano za mkono mmoja dhidi ya tatu za mwingine, ya 10 ni mbio za noti mbilimbili, ya 9 ni oktavu, na ya 12 inataka mruko wa mkono wa kushoto ambao nisingempa mtu yeyote kabla hajajifunza kutua bila kukaza kifundo cha mkono.

Kuhusu chapa, ni vizuri ujue historia kidogo, kwa sababu makosa yaliyomo yana chanzo. Kazi za kwanza kabisa zilichapishwa Moscow na Jurgenson. Kuanzia mwaka 1894 alimpata Mitrofan Belyayev, mfanyabiashara tajiri wa mbao aliyekuwa na nyumba ya uchapishaji Leipzig, ambaye alimlipa, akamtembeza Ulaya kama mpigaji, na kumvumilia. Kuvumilia kwenyewe kulihitajika. Scriabin aliandika haraka na kusahihisha kwa uzembe, akisahau shapu na fleti, na watu wa Belyayev, hasa Anatoly Lyadov, walibaki wakimwuliza kama noti fulani ndiyo aliyoikusudia. Inasimuliwa pia kwamba Scriabin na Belyayev waliwekeana dau kama Scriabin angeweza kumaliza preludi 48, yaani mizunguko miwili kamili ya funguo zote, kufikia Aprili 1896. Ukizijumlisha za Opus 11, 13, 15, 16 na 17 unapata 47. Mizunguko miwili haikukamilika, ndiyo maana Opus 11 peke yake ndiyo yenye funguo zote 24 kwa mpangilio, na zilizobaki ziligawanywa katika makundi madogo.

Hii inaeleza pia kwa nini ndani ya Opus 11 kuna tofauti za umri. Ya 4 ni ya kijana wa 1888. Nyingine nyingi ziliandikwa mwaka 1895 na 1896, njiani, katika miji kama Heidelberg, Dresden, Amsterdam na Paris. Ukizipiga zote kwa mfululizo unasikia miaka minane ya mtu mmoja iliyochanganywa, kwa sababu alizipanga kwa funguo na si kwa tarehe. Kwa wewe unayeuliza kilicho chake na kilicho cha Chopin, jaribu kuzipiga kwa tarehe badala ya namba.

Chapa za kale za Belyayev zimekwisha muda wa haki miliki, kwa hiyo zinapatikana bila malipo mtandaoni, na zinasomeka vizuri. Mahali ambapo noti moja inakusumbua sikio, linganisha na chapa ya baadaye iliyosahihishwa kabla hujaamua kwamba ni ujasiri wa mtunzi. Kwa Scriabin wa miaka hii, mara nyingi ni fleti iliyosahauliwa.

---

Nokturni alijibu:

Mwalimu, shukrani kwa wazo la kuzipiga kwa tarehe. Nimelijaribu jioni hii kwa zile ambazo tarehe zake zinajulikana, nikianza na ya 4 ya 1888 na ya 6, B maina, ya 1889, kisha nikarukia zile za 1895. Ya 6 ina oktavu za mikono miwili zinazofukuzana na ghadhabu ya kijana, na ukitoka hapo moja kwa moja kwenda ya 16, ile yenye maandamano yanayochechemea, tofauti haiko katika huzuni wala katika ugumu. Iko katika nafasi iliyoachwa. Yule wa 1889 anajaza kila pigo, na yule wa 1895 ameshajua ni pigo gani la kuliondoa.

Ndugu MpigaKinanda, ukifika kwenye ya 16, anza na mkono wa kushoto peke yake, na usiongeze wa kulia mpaka lile badiliko la 5 kwenda 4 liache kukushtua.